Bingwa Mwenye Mikono Nyuma

Haya hayakutokea kwetu. Kwetu mambo yanakwenda vizuri na kila mwenye macho anaona. Yalitokea katika nchi nyingine, mbali kidogo, ambayo wananchi wake waliipenda kiasi kwamba kila mmoja alitaka kuiongoza.

Katika nchi hiyo alikuwepo Daktari Nakiete Msangi, binti wa mwalimu wa hisabati. Alisomea udaktari miaka mitano, akatumikia wilayani mitatu, akarudi chuoni miaka mingine minne kujifunza kazi moja tu: kupasua watoto wachanga. Siku aliyofaulu, alikuwa bingwa wa nne wa kazi hiyo nchini. Watatu waliomtangulia walikuwa hai na wazima wa afya. Mmoja alikuwa Mkurugenzi wa Sera, mwingine Katibu wa Tume ya Maono, na wa tatu alikuwa amepanda juu sana hata watu hawakujua tena anafanya nini.

Nakiete alipangiwa hospitali ya rufaa ya mashariki. Aliripoti Jumatatu saa moja asubuhi akiwa amevaa raba, kwa sababu upasuaji ni kazi ya kusimama. Mlangoni alipokewa na Sista Generoza, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye hata akikusalimia ungedhani mna ugomvi.

"Wewe ndiye bingwa wa watoto?"

"Ndiyo, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Usikae. Kuna mtoto wa siku mbili wodini, kazaliwa hana njia ya haja kubwa. Tumbo limeshakuwa ngoma."

Mtoto alikuwa wa kike. Aliitwa Sikudhani, kwa kuwa mama yake alikuwa na miaka arobaini na tatu na alidhani ameshamaliza kuzaa. Nakiete aliligusa lile tumbo kwa vidole viwili, akaona mishipa imejichora kwa juu.

"Daktari, huyu ni wa sita," alisema mama yake. "Nimezaa wa kutanguliza miguu, nimezaa wa kujifunga kitovu. Wa kuzibwa sijawahi. Anatibika?"

"Anatibika, mama. Leo nitamtobolea njia hapa ubavuni, choo kitoke. Baada ya miezi mitatu nitamtengenezea njia yake ya kawaida, pale inapotakiwa. Halafu hii ya ubavuni nitaifunga. Atacheza kama wenzake."

"Basi anza."

Katika nchi ile, sentensi fupi namna hiyo ilihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

*

Nakiete alisukuma mlango wa chumba cha upasuaji akakuta watu kumi na mmoja wameizunguka meza ya kupasulia. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, juu yake chupa za maji na maua ya plastiki. Taa kubwa ya upasuaji ilikuwa imeelekezwa kwa mzee mmoja mwenye suti, na koleo za kushikia mishipa zilikuwa zinatumika kuokotea sambusa.

Kulikuwa na sababu nzuri. Chumba kile ndicho pekee hospitalini kilichokuwa na kiyoyozi kizima, na uongozi haufundishiki kwenye joto.

Mzee mwenye suti alikuwa Profesa Kilumbi, Mwezeshaji Mkuu wa Taifa. Wale wengine walikuwa mabingwa wapya wa kanda nzima: wa mifupa, wa macho, wa usingizi, wa moyo. Wote walikuwa wameitwa kwenye Mafunzo Elekezi ya Uongozi kwa Mabingwa Chipukizi.

"Daktari Nakiete!" Profesa alisema kwa furaha. "Umechelewa nusu saa. Safi sana. Wenzako wamewahi kama makarani."

"Profesa, nina mtoto wa kupasua."

"Kwa cheti gani?"

"Cha ubingwa."

"Hicho ni cha ufundi." Profesa alicheka kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto wa chekechea. "Mwongozo uko wazi, binti yangu. Bingwa asishike kisu kabla hajahitimu uongozi. Akishazoea kushika, hataweza kuacha. Na akikiuka, ananyang'anywa na huo ubingwa wenyewe."

"Mafunzo ni siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Mtoto amebakiza siku mbili. Tukimsukuma sana, tatu."

"Basi huyo mtoto," Profesa alisema kwa masikitiko ya kweli, "ana changamoto ya upangaji wa muda."

Nakiete aliuliza kama anaweza kumpeleka hospitali nyingine. Profesa akamwonyesha waliokaa mezani. Mabingwa wa hospitali nyingine ndio hao.

*

Siku ya kwanza walifundishwa kuweka mikono nyuma.

Msomaji asicheke. Katika nchi ile, kiongozi alitambulika kwa mikono. Akienda kukagua kisima, mikono nyuma. Daraja lililovunjika, mikono nyuma. Hata msibani alisimama hivyo, akilitazama jeneza kana kwamba anangoja limpe taarifa ya utekelezaji. Mtu aliyetanguliza mikono alidhaniwa amekuja kufanya kazi, na akishadhaniwa hivyo, kupanda kwake kumekwisha.

Wenzake waliiweza haraka. Bingwa wa mifupa alikuwa na kipaji. Kufikia mchana alikuwa anakunywa chai kwa kuelekeza. Mikono ya Nakiete ndiyo iliyokataa. Kila aliposahau ilikuja mbele, ikaokota koleo, ikafuta mafuta ya sambusa, ikazipanga kwenye sinia kwa ukubwa wake. Hatimaye Profesa alimfunga mikono kwa nyuma kwa bandeji, kwa upole kabisa, huku akiuliza kama inabana.

Siku ya pili walimsubiri mgeni rasmi. Mafunzo yasiyofunguliwa hayawezi kuhesabiwa kuwa yameanza, hata kama yameanza, kwa hiyo walikaa saa tano wakiutazama mlango. Waziri alikuwa na udhuru, akamtuma Katibu. Katibu alikuwa na udhuru, akamtuma Kamishna. Kamishna alipatwa na udhuru njiani, akashuka. Dereva wake, kwa kuwa hotuba ilikuwa kwenye gari, aliingia akaisoma. Aliisoma vizuri. Nasikia sasa ni balozi.

Kila walipopewa mapumziko, Nakiete alikimbia wodini na mikono yake nyuma kama bata. Sista Generoza alikuwa amempitishia mtoto mrija puani kupunguza gesi, na ulikuwa unatoa majimaji ya kijani. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Mama yake hakuona kuwa hiyo ni nafuu.

"Daktari, wamekufunga kwa kosa gani?"

"Nafundishwa, mama."

"Ufundishwe nini mpaka ufungwe?"

Nakiete alitafuta neno. "Kukasimu."

"Ndiyo kufanyaje?"

"Kazi yako kumpa mwenzako aifanye."

"Aa," mama alisema. "Mume wangu anayo hiyo. Hakwenda kusoma."

*

Usiku ule Nakiete hakulala, na kulipokucha alikuwa na wazo. Aliingia darasani, akasimama, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Profesa, naomba zoezi la vitendo. Nataka kukasimu."

Profesa alishikwa na kikohozi cha furaha. Kwa miaka tisa ya kufundisha, hakuwahi kupata mwanafunzi aliyeomba zoezi kwa hiari.

Maua yaliondolewa mezani. Mtoto akalazwa. Sista Generoza akanawa mpaka viwiko, akachemsha koleo zote upya huku akiwalaani wala sambusa kwa majina. Bwana Hiza, msaidizi wa dawa ya usingizi, aliweka kibarakoa kwenye uso wa Sikudhani. Bwana Hiza hakuwa bingwa, kwa hiyo alikuwa anaruhusiwa kufanya kazi.

"Kabla hatujaanza," alisema bingwa wa mifupa, "nashauri tuwatambue wadau."

"Naunga mkono," alisema wa macho. "Kwa mfano, je, mama ameshirikishwa?"

"Mama amezaa!" ilisema sauti kutoka nje ya mlango. "Mnataka ashirikishwe vipi tena?"

"Sista," Nakiete alisema, "kisu. Ubavu wa kushoto, chini ya kitovu. Urefu wa kucha ya dole gumba."

"Hapa?"

"Shuka kidogo. Hapo. Kata."

"Mwanangu, miaka thelathini nawashikia wenzako visu," Sista alinong'ona. "Sikuwa nimelala."

Basi alikata. Nakiete alisimama bega kwa bega naye na kumpitisha tabaka kwa tabaka. Nyama hii iachanishe, usiikate. Huo mshipa ukwepe. Utando huo mweupe uinue kwanza ndipo uutoboe. Mgongoni mwake, ndani ya bandeji, vidole vyake vyote kumi vilikuwa vinafanya upasuaji. Vilivuta, vilifunga, vilikata uzi. Bingwa wa moyo, aliyekuwa nyuma yake, aliviona akageuza uso.

"Utumbo huo. Ule uliovimba. Uvute taratibu kama unatoa mtoto wa paka. Ushone kwenye ngozi. Mshono mwingine. Mwingine. Sasa ufungue."

Sista akaufungua. Kinyesi cheusi cha siku nne kiliruka kwa nguvu zote alizokuwa nazo Sikudhani, kikatua kwenye Mwongozo wa Kumwendeleza Bingwa Chipukizi uliokuwa mkononi mwa Profesa Kilumbi. Tumbo likanywea machoni pa watu. Mtoto akavuta pumzi ndefu.

Darasa zima lilipiga makofi, isipokuwa Nakiete ambaye hakuwa na namna.

"Mmeona!" Profesa alipaza sauti, machozi yakimlenga. "Hakugusa! Hakugusa kitu!"

*

Nchi ile haikuwa na ubaya wa kusahau wema. Kabla ya mwezi kwisha zilikuja barua tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya Nakiete. Alikuwa mhitimu bora wa taifa, na ameteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Mabingwa Chipukizi wa Kanda, mwenye ofisi, zulia na makatibu muhtasi wawili wa kupokezana, na kwa hiyo haruhusiwi tena kushika kisu. Ya pili na ya tatu zilikuwa za Sista Generoza na Bwana Hiza. Ilikuwa imebainika kwamba wawili hao "wameonyesha uwezo usiolingana na nafasi zao," jambo ambalo Serikali haikuweza kulifumbia macho. Walitakiwa kuripoti makao makuu Jumatatu kwa mafunzo ya uongozi, ngazi ya awali.

"Nimebakiza miaka mitatu nistaafu," Sista alisema, barua ikiwa imekunjwa kiganjani. "Naenda kufundishwa kusimama? Na humu nani atabaki?"

"Nitaandika kuwaombea mrudi," Nakiete alisema.

"Andika, dokta. Lakini usiandike vizuri sana, watakupandisha."

Sista alijua alichokuwa anasema. Nakiete aliandika barua ya kuomba mwenyewe arudishwe chumba cha upasuaji, na ikatangazwa kuwa mfano wa unyenyekevu wa kiongozi. Akaona njia iliyobaki ni kushindwa kazi ili ashushwe. Alianza kufika ofisini saa sita. Makatibu wake wakaanza kusimama akiingia, jambo ambalo hawakulifanya alipokuwa akifika saa moja. Akalala kwenye kikao cha kanda, kwa makusudi, kichwa juu ya meza. Mwenyekiti akaomba wajumbe waige utulivu wake. Katika kikao kilichofuata alisema wazi kwamba kanda nzima haina mtu wa kupasua mtoto na kwamba wote waliokaa pale wanajua. Halafu mjumbe mmoja akasema huo ndio ujasiri ambao taifa linauhitaji, na ikaundwa kamati ya kuuchunguza ujasiri huo, mwenyekiti akiwa Nakiete.

Wakati huo watoto waliendelea kuzaliwa. Hawakuwa wamepewa mwongozo. Taarifa zao zilifika mezani kwake kila Ijumaa kwenye jedwali safi, zikiwa na safu ya jina, safu ya tatizo na safu ya hatua iliyochukuliwa. Safu ya tatu iliandikwa "ameelekezwa" kuanzia juu mpaka chini. Baadhi ya majina yaliwekwa msalaba mdogo wa wino. Makatibu wake walikuwa na mwandiko mzuri sana.

*

Miezi mitatu ilipotimia, mama Sikudhani alikuja. Hakupita kwa katibu wa kwanza wala wa pili. Aliwaambia amemletea Mkurugenzi mzigo wake, akafungua mlango.

Sikudhani alikuwa amenona. Ubavuni, pale njia ilipotobolewa, alikuwa amefungwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa kwa ustadi, safi, kikabana bila kuumiza. Alimtazama Nakiete kisha akautazama mdomo wake, kama wanavyofanya watoto wa umri ule, akingoja useme.

"Ulisema miezi mitatu," mama alisema. "Na karatasi mliyonipa inasema asinyonye tangu alfajiri siku ya kupasuliwa. Hajanyonya. Analia tangu kwenye kivuko. Watu wamenitukana njia nzima. Basi anza."

Nakiete alitazama tarehe ukutani. Kisha alifanya jambo ambalo makatibu wake walilisimulia baadaye kwa sauti ya chini: alileta mikono mbele, akampokea mtoto, akashuka naye ngazi.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na darasa jipya. Profesa Kilumbi alisimama.

"Mheshimiwa Mkurugenzi! Mgeni rasmi wetu!"

"Ondoeni maua," Nakiete alisema. "Nampasua mtoto huyu. Mimi mwenyewe. Atakayetaka kuninyang'anya ubingwa aninyang'anye jioni."

Hakuna aliyempinga. Wangempingaje, alikuwa mkubwa wao. Wote ishirini walijipanga ukutani, mikono nyuma, wakimtazama kwa heshima akivua koti na kunawa: kucha, vidole, viganja, mpaka viwiko. Aliinua mikono juu ili maji yachuruzike. Ilikuwa miezi mitatu haijanawishwa namna hiyo.

"Nani hapa ni bingwa wa usingizi?"

Kijana mmoja alikohoa, kwa sababu mikono hakuweza kuinyoosha.

"Mlaze mtoto."

"Nimepokea, Mheshimiwa. Nitamwelekeza msaidizi."

"Msaidizi yuko wapi?"

Kijana akatazama kulia na kushoto. "Nadhani alipandishwa."

"Basi mlaze wewe. Nasema mimi. Nitaandika kwamba nilikulazimisha."

Yule kijana aliangalia mashine, akaangalia kibarakoa kidogo, na kwa muda mabega yake yalisogea mbele. Nakiete aliyaona. Kisha yakarudi.

"Daktari," alisema polepole, na safari hii hakumwita Mheshimiwa. "Cheti changu kinatoka Ijumaa. Mama yangu ameshaalika watu. Aliuza shamba nisome. Nikigusa leo, sina cheti, wala ubingwa, sina kitu."

Nakiete alimwomba mtu amshikie simu sikioni, na kwa kuwa hakuna aliyeshika kitu mle, alishikiwa na mama Sikudhani. Wakampigia Bwana Hiza makao makuu.

"Hiza, uko wapi? Nina yule mtoto mezani."

"Dokta!" Sauti ya Hiza ilipanda, kisha ikashuka. "Siku hizi mimi ni Afisa Maono. Kutoka hapa kuja huko natakiwa kibali, na kibali kinatakiwa kikao, na kikao ni tarehe ishirini. Halafu, dokta... nisikudanganye. Dawa zile siku hizi naziandikia ripoti tu. Kipimo cha mtoto wa kilo tano kilikuwa kichwani kama jina langu. Jana nilijaribu kukikumbuka."

"Sista Generoza?"

"Ni Mratibu. Anasimama vizuri kuliko wote. Haongei na mtu."

Ilikuwa saa saba mchana. Sikudhani alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Sasa alikuwa anafungua mdomo tu, bila mlio, akigeuza kichwa kila upande kutafuta ziwa. Taa kubwa ilikuwa inammulika. Mabingwa ishirini walikuwa wanaandika vichwani mwao. Nakiete alisimama juu yake na mikono iliyoinuliwa, safi, na maji yalikuwa yameshakauka zamani.

Mama alimtazama mtoto, akamtazama daktari. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kujua afanye nini, na kwa hiyo aliuliza alichotaka kujua.

"Daktari, niambie kimoja. Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?"

Maana akinyonya, leo hapasuliwi. Nakiete alijua, na mama alijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Na kesho ingekuwa kama leo, na mwezi ujao pia. Daktari alimtazama kijana wa usingizi kwa mara ya mwisho. Kijana alikuwa anaangalia sakafu.

"Mnyonyeshe," alisema.

Mama akapanda, akakaa kwenye meza ya upasuaji miguu ikining'inia, akafungua kifua. Darasa likapiga makofi ya heshima, na Profesa akawaomba wote wazingatie: uamuzi mgumu, uliotolewa kwa utulivu. Hakukosea. Katika ukurugenzi wake wote, huo ndio uamuzi pekee wa Nakiete uliowahi kutekelezwa siku hiyohiyo.